Sura ya 6: Jina Linapovuka Tunduma

“Jina langu nimelisajili BRELA na cheti ninacho. Mtu wa Nakonde atalitumiaje?”

Swali hili, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, hawaachi kuliuliza wafanyabiashara wa Mkoa wa Songwe. Nanyala ni kata ya Wilaya ya Mbozi, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, ile ambayo madereva huiita TANZAM. Malori yanayopita Senjele yakielekea Vwawa na Tunduma hayakatiki usiku na mchana. Kwa mwenye mashine ya kukoboa na kusaga, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni au anayekaanga na kufungasha kahawa, soko la nchi nyingine liko jirani kuliko Dar es Salaam. Mzigo unapakiwa asubuhi, na kabla jua halijazama unaweza kuwa ng'ambo ya mpaka ukiuzwa kwa kwacha.

Wepesi huo ndio unaowaponza watu. Tangu Oktoba 2019, Tunduma na Nakonde iliyo upande wa Zambia zina kituo cha pamoja cha forodha, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja ili gari lisisimamishwe mara mbili. Mfuko wa sembe unavuka, lakini haki ya kulimiliki jina lililochapwa kwenye mfuko huo inabaki nyuma. Sura hii inaeleza kwa nini iko hivyo, na hatua ambazo mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuzichukua mapema, kabla jina alilolihangaikia halijapata mwenyewe mwingine.

Karatasi nne zinazochanganywa

Alama ya biashara ni jina, mchoro, herufi au mchanganyiko wa hivyo vyote, unaomwezesha mnunuzi kutambua bidhaa ya mtu mmoja katikati ya bidhaa za watu wengine. Anayeuza huduma badala ya bidhaa, kama usafirishaji au hoteli, alama yake huitwa alama ya huduma. Tanzania Bara, haki hizi zinatokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na msajili ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA.

Tatizo la kwanza huanzia hapo hapo nyumbani, kwa sababu BRELA hutoa vyeti vya aina zaidi ya moja na taasisi nyingine nazo zina vya kwao. Mfanyabiashara mwenye faili nene la karatasi anaweza kuamini kwamba jina lake limelindwa, kumbe hana hata karatasi moja inayomlinda. Karatasi zinazochanganywa sana ni hizi:

- Cheti cha jina la biashara au cha kampuni. Hiki kinaonyesha nani yuko nyuma ya duka au kampuni. Hakimpi mwenye nacho haki ya kumzuia mwingine kuchapa jina hilo kwenye bidhaa.
- Alama ya ubora ya TBS. Inasema bidhaa imekidhi kiwango kilichowekwa na Shirika la Viwango. Haisemi jina ni la nani.
- Namba ya mistari, yaani bakodi. Zile zinazoanza na 620 zimetolewa kupitia GS1 Tanzania. Zinasaidia dukani na kwenye hesabu ya stoo, basi.
- Cheti cha alama ya biashara. Hiki peke yake ndicho kinachompa mwenye nacho haki ya kumfikisha mahakamani anayeiga jina au nembo yake kwenye bidhaa za aina hiyo hiyo.

Cheti hicho cha nne hudumu miaka 7 Tanzania Bara, kikihesabiwa kuanzia siku ya kuomba, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Asiyekihuisha hukipoteza, hata kama kiwanda chake kinafanya kazi kila siku.

Haki inakoishia

Tuseme mwenye mashine Nanyala anauza sembe kwa jina “Jembe Langu”. Jina hili ni la mfano tu, nalo litatumika katika sura nzima. Amepata cheti cha alama ya biashara BRELA. Sembe yake imependwa Mlowo, Vwawa na Tunduma, na wachuuzi wa Nakonde wameanza kuichukua. Siku moja anakuta Nakonde mifuko inayofanana na yake, jina lile lile na jembe lile lile, imejazwa unga wa mtu mwingine.

Cheti cha BRELA hakina nguvu pale. Alama ya biashara ni kama hati ya kiwanja: hati ya Vwawa haimpi mtu mamlaka juu ya kiwanja cha Nakonde, hata kama amezoea kupita hapo kila siku. Kila nchi ina daftari lake, msajili wake na mahakama zake. Zambia daftari hilo liko Lusaka, kwenye wakala unaoitwa PACRA, unaosajili kampuni, hataza na alama za biashara.

Wengi hudhani kwamba jumuiya za kikanda zimeliondoa tatizo hili. Tanzania na Zambia zote ziko SADC, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Hata hivyo, makubaliano ya ushuru hayajaleta daftari moja la alama. Hakuna cheti cha Afrika Mashariki, wala hakuna cha SADC. Nchi za Afrika zilipitisha itifaki ya miliki bunifu chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika mnamo Februari 2023, lakini nayo haikufuta madaftari ya kila nchi.

Mfano ulio karibu zaidi uko ndani ya Jamhuri ya Muungano yenyewe. Cheti cha BRELA hakifiki Zanzibar. Visiwani kuna Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2008, na usajili hufanywa na wakala wao, BPRA. Mfanyabiashara wa Nanyala anayepeleka mchele Unguja anahitaji ombi la pili, na hali ni hiyo hiyo kwa kampuni ya viungo ya Unguja inayotaka kuuza Mbeya. Kwa habari ya alama za biashara, Bara na Zanzibar ni milango miwili, kila mmoja na ufunguo wake.

*Kwa ufupi: cheti hulinda pale tu kilipotolewa. Mwenye kuuza Tunduma, Nakonde na Unguja anahitaji kinga tatu.*

Anayetangulia

Je, mtu aliyelibuni jina na kulitumia miaka mingi hana haki yoyote nje ya nchi yake? Jibu linategemea amefika nchi gani.

Zambia, kama Tanzania na Kenya, ilirithi mila ya sheria ya Uingereza. Katika mila hiyo, mtu ambaye hakusajili anaweza kumshtaki anayewauzia watu bidhaa kwa kuwaaminisha kuwa ni za mwenzake. Lakini lazima athibitishe kwamba jina lake lilikwisha kujulikana kwa wanunuzi wa nchi hiyo. Kesi ya namna hiyo hudai mashahidi, stakabadhi za mauzo na wakili wa kuilipia muda mrefu. Mchuuzi anayeuza kwa fedha taslimu bila risiti ataanza kesi mikono mitupu.

Kongo iliyo jirani na Zambia hufuata mila nyingine, iliyotoka Ubelgiji na Ufaransa. Sheria yake ya miliki ya viwanda ni ya Januari 1982, na huko usajili ndio unaobeba uzito. Mzigo unaotoka Tunduma ukapita Kasumbalesa hadi Lubumbashi unaingia katika nchi ambako aliyetangulia kuomba yuko mbali sana mbele ya aliyetangulia kuuza.

Hata kampuni kubwa zimeumia kwa kuchelewa. Burger King ya Marekani ilipotaka kuingia Australia, ilikuta jina hilo lina mwenyewe. Migahawa ilifunguliwa Perth mwaka 1971 kwa jina la Hungry Jack's, na jina hilo liko hadi leo. Apple iliamini imenunua haki za jina iPad kutoka kampuni dada ya Proview iliyoko Taiwan, lakini alama ya China ilikuwa mikononi mwa Proview ya Shenzhen tangu 2001. Mahakama za China zilipoukubali msimamo huo, Apple ililipa dola milioni 60 mwaka 2012 ili kulipata jina la kifaa ambacho dunia nzima ilijua ni chake.

Upande wa pili kuna nafuu kwa majina yaliyovuma sana. McDonald's ilisajili alama zake Afrika Kusini kuanzia mwaka 1968 bila kufungua mgahawa hata mmoja. Wafanyabiashara wa huko walipotaka alama hizo zifutwe kwa sababu hazikutumika, Mahakama ya Rufani mwaka 1996 iliamua kwamba jina hilo lilikwisha kufahamika vya kutosha kulindwa. Kinga hiyo ni ya majina yanayojulikana na umma mpana hata kabla bidhaa haijafika. Sembe ya Nanyala bado haijafika huko. Kesi hiyo ina onyo jingine pia: katika nchi nyingi alama isiyotumika kwa miaka mitatu hadi mitano, kutegemea sheria, inaweza kuombewa ifutwe. Kusajili nchi kumi na kuuza katika nchi mbili tu ni kujitafutia gharama bila kinga ya kudumu.

Miezi sita ya kipaumbele

Mfanyabiashara mdogo hawezi kuomba Zambia, Malawi na Kongo kwa siku moja. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 ulilifikiria jambo hilo. Tanzania ni mwanachama tangu 1963 na Zambia tangu 1965, na Malawi na Kongo nazo zimo.

Mkataba huo unatoa haki ya kipaumbele. Maana yake ni kwamba aliyeomba kusajili alama katika nchi moja mwanachama hupewa miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine, na maombi ya baadaye huhesabiwa kana kwamba yaliletwa siku ile ya kwanza.

Tuurudie mfano wetu. Mwenye “Jembe Langu” anapeleka ombi BRELA tarehe 1 Machi. Mwezi Juni, mtu wa Nakonde aliyeuona mfuko anakimbilia Lusaka kuliomba jina hilo. Tarehe 20 Agosti mtu wa Nanyala naye anaomba Lusaka, akiambatisha uthibitisho wa ombi lake la Machi na kudai kipaumbele. Kisheria tarehe yake Zambia ni 1 Machi, kwa hiyo yeye ndiye aliyetangulia. Angengoja hadi Septemba katikati, angekuwa wa pili, na cheti chake cha Tanzania kisingeibadili hesabu hiyo.

Miezi hiyo sita haiongezwi kwa sababu ya msimu mbaya wa mavuno wala kwa kukosa nauli. Kwa hiyo, kabla ya kupeleka ombi la kwanza BRELA, inafaa mtu awe amekwisha kuamua ni nchi zipi atazifuata na fedha zitatoka wapi.

Njia tatu za kusajili nje

1. Kuomba moja kwa moja katika kila nchi. Hii ndiyo njia ya kawaida kwa Mtanzania anayeilenga Zambia au Kongo. Mwombaji mgeni hutakiwa kuwa na anwani ya mawasiliano ndani ya nchi, na kwa kawaida hiyo huwa ya wakala wa alama za biashara au wakili wa huko. Humpa hati ya uwakilishi, yaani karatasi iliyosainiwa ya kumruhusu kumsemea. Kongo, nyaraka ni za Kifaransa.

2. Kupitia ARIPO. Hili ni shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika, lenye makao makuu Harare. Itifaki yake ya Banjul, iliyopitishwa mwaka 1993, inaruhusu ombi moja kutaja nchi kadhaa wanachama. Tanzania, Malawi, Uganda, Msumbiji na Zimbabwe zimo. Kwa watu wa Songwe wanaouza Malawi kupitia Kasumulu au Isongole, njia hii inastahili kuulizwa. Tahadhari ni moja: si kila mwanachama ameiingiza itifaki hiyo katika sheria zake za ndani. Tanzania yenyewe ilijiunga mwaka 1999 lakini sheria ya Bara ya 1986 haikubadilishwa kuitambua, ndiyo maana mawakili wengi huwashauri wageni wanaoitaka Tanzania Bara waombe BRELA moja kwa moja.

3. Kupitia Mfumo wa Madrid. Huu unasimamiwa na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, kutoka Geneva. Ombi moja, kwa lugha moja, linaweza kutaja nchi nyingi. Ada ya msingi ni faranga za Uswisi 653 kwa alama isiyo na rangi na 903 kwa yenye rangi, kisha inaongezwa ada ya kila nchi iliyotajwa. Kenya imo tangu 1998, Zambia tangu 2001, Rwanda tangu 2013 na Malawi tangu 2018. Mpaka mwaka 2024 Tanzania haikuwa imejiunga.

Kukosekana kwa Tanzania Madrid kuna matokeo mawili yanayoonekana Tunduma. La kwanza, Mtanzania hawezi kuanzia ombi la Madrid BRELA, na kampuni ya Zambia au China haiwezi kuitaja Tanzania ndani ya ombi lake la Madrid. Kila upande lazima upite mlango wa mbele wa mwenzake.

La pili halifahamiki sana. Madrid hamtazami mtu kwa uraia peke yake. Mtu mwenye biashara halisi inayofanya kazi katika nchi mwanachama anaweza kuutumia mfumo kupitia ofisi ya nchi hiyo. Mtanzania mwenye ghala linalofanya kazi kweli Nakonde, lililosajiliwa kwa sheria za Zambia, anaweza kuomba PACRA na kutoka hapo kuzifikia Kenya, Rwanda, Malawi na nchi nyingine nyingi. Anwani ya kuazima haitoshi. Pia kwa miaka 5 ya mwanzo alama ya Madrid huegemea ile ya nchi ilikoanzia: ya Zambia ikifutwa, matawi yote huanguka nayo.

*Kwa ufupi: kwa Zambia na Kongo, wakala wa huko. Kwa Malawi, linganisha ARIPO na ombi la moja kwa moja. Madrid ni kwa mwenye biashara ya kweli katika nchi mwanachama.*

Madaraja 45

Hakuna anayelimiliki jina kwa kila kitu duniani. Nchi karibu zote hupanga bidhaa na huduma katika madaraja 45 yanayoitwa ya Nice, kwa jina la mji wa Ufaransa ulikosainiwa mkataba wake mwaka 1957. Madaraja 1 hadi 34 ni ya bidhaa, 35 hadi 45 ya huduma. Kwa biashara za Songwe, yanayotajwa mara kwa mara ni haya:

- Daraja la 1: mbolea
- Daraja la 3: sabuni na vipodozi
- Daraja la 25: nguo na viatu
- Daraja la 29: mafuta ya kula, maziwa, nyama
- Daraja la 30: unga, mchele, kahawa, chai
- Daraja la 39: usafirishaji na uhifadhi wa mizigo

Sembe “Jembe Langu” iko daraja la 30. Mwenyewe akitaka kuuza na mafuta ya alizeti kwa jina hilo, lazima aombe na la 29. Asipofanya hivyo, mtu mwingine anaweza kupewa.

Madaraja yanaeleza pia kisa kilichowaudhi Waswahili wengi. Kampuni ya Disney iliomba kusajili “Hakuna Matata” Marekani mwaka 1994, ilipotoka filamu ya katuni ya The Lion King, na ikapewa mwaka 2003 kwa mavazi. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini mtandaoni kulipinga jambo hilo. Usajili huo haumzuii mtu kuyatamka maneno hayo, wala hauna nguvu Zanzibar au Mombasa. Lakini fundi wa Arusha anayetaka kuuza Marekani fulana zenye maneno hayo ana mtu wa kumjibu. Maneno ya kila mmoja wetu yaliingia katika daftari la nchi ya mbali kwa sababu kuna aliyefika dirishani na kuyaomba.

Safari ya ombi

Hatua hutofautiana kidogo kati ya nchi na nchi, ila mpangilio ni huu:

1. Upekuzi. Wakala huangalia kama jina au linalofanana nalo limeshasajiliwa katika daraja hilo. Fedha ya upekuzi ni ndogo ukilinganisha na ile ya kuchapa upya mifuko yote.
2. Ombi. Linataja mwenye alama, alama yenyewe na bidhaa zake. Kama kipaumbele kinadaiwa, hutajwa hapa.
3. Ukaguzi. Msajili hukataa majina yanayoeleza bidhaa tu. “Mchele Mtamu” halitapita, kwa kuwa kila muuza mchele ana haki ya kusema mchele wake ni mtamu. Majina ya mahali nayo huleta ugumu: “Mchele wa Kyela” ni sifa ya wakulima wengi, na mtu mmoja hawezi kujimilikisha kirahisi.
4. Tangazo. Alama huchapishwa katika jarida rasmi ili wenye pingamizi wajitokeze. Tanzania Bara na Kenya muda wa pingamizi ni siku 60.
5. Cheti. Kikitoka, haki huhesabiwa tangu tarehe ya ombi.

Hatua ya nne ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 ilijulikana Kenya kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba kusajili neno “Kikoy” huko London. Kikoi ni vazi la pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Kama ombi lingepita, wauzaji wa Afrika Mashariki wangeweza kuzuiwa kuuza vikoi Uingereza kwa jina lake halisi. Wakenya, wakisaidiwa na shirika la biashara ya haki na mawakili wa huko, waliweka pingamizi, na ombi likaachwa. Hawakuhitaji kwenda mahakamani, kwa kuwa waliliona tangazo na wakasema kwa wakati.

Waliochelewa walilipa zaidi. Jina “Rooibos”, la majani ya chai ya Afrika Kusini, lilisajiliwa Marekani mwaka 1994. Ilibidi wazalishaji wapambane kwa miaka hadi usajili huo ulipoachiliwa mwaka 2005.

Msambazaji anapokuwa mwenye jina

Hatari kubwa kwa mfanyabiashara wa Nanyala mara nyingi haitoki kwa mgeni asiyemjua. Inatoka kwa mteja wake mzuri. Msambazaji wa Kitwe au Lubumbashi anachukua mzigo kila wiki, analipa kwa wakati, anazungumza lugha ya soko lake. Anashauri, kwa nia njema au mbaya, alisajili jina “ili tusisumbuliwe na forodha”. Analisajili kwa jina lake mwenyewe. Siku wanapokosana bei, msambazaji ndiye mwenye alama kisheria, na mtengenezaji ndiye anayezuiwa kuingiza sembe yake.

Mkataba wa Paris unampa mwenye alama njia ya kupinga usajili uliofanywa na wakala wake bila idhini. Njia hiyo ipo, lakini inapitia mahakama ya ugenini. Karatasi mbili zilizosainiwa mapema zina thamani zaidi: mkataba unaosema wazi kwamba jina na nembo ni mali ya mtengenezaji katika kila nchi, na ombi lililopelekwa kwa jina la mtengenezaji kabla ya shehena ya kwanza kuondoka. Mawakala wa forodha wa Tunduma ni hodari wa kutoa mizigo, ila usajili wa alama ni kazi nyingine. Tanzania ni kazi ya wakili au wakala anayetambuliwa na BRELA, na Zambia ni ya anayetambuliwa na PACRA.

Mlango huo wa usajili hufunguka pande zote mbili. Kampuni ya Zambia inayoleta bidhaa zake Vwawa nayo ni mgeni, na inapaswa kuomba BRELA kwa kupitia wakala wa Tanzania. Ikishapata cheti, Tume ya Ushindani, FCC, inaweza kuisaidia dhidi ya bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mwenye “Jembe Langu” anayetaka haki Nakonde hana budi kuiheshimu haki ya Mzambia Tunduma.

Kahawa ya Mbozi, jina la nani?

Katika mazao yote yanayoondoka Nanyala na vijiji jirani, kahawa ndiyo inayofika mbali kuliko yote, na ndiyo inayosafiri bila jina. Mbozi hulima Arabika. Mkulima huipeleka kwenye chama cha ushirika cha msingi, kisha huenda mnadani, na baada ya hapo hufungashwa nje ya nchi kwa majina ya wengine.

Japani inaonyesha jambo hili waziwazi. Kanuni za lebo za biashara ya kahawa ya huko zinaruhusu Arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, iuzwe kwa jina “Kilimanjaro”, hata kama imetoka Nyanda za Juu Kusini. Mchanganyiko wenye angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo nao unaweza kubeba jina hilo. Mjapani anaweza kunywa kahawa iliyochumwa Mbozi huku akiuwazia mlima ulioko mamia ya kilomita kutoka hapo. Jina “Kilimanjaro” limeisaidia Tanzania kuuza, na wakulima wa Moshi wamelitolea jasho. Mbozi haijajenga jina lake katika soko hilo.

Ethiopia ilichagua njia nyingine. Mwaka 2005 serikali yake iliomba Marekani kusajili majina matatu ya kahawa, Yirgacheffe, Harar na Sidamo, kama alama za biashara zinazomilikiwa na nchi. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kilipinga, kikisema ni majina ya mahali tu. Kampuni ya Starbucks ilivutana na Ethiopia kwa muda, na shirika la Oxfam likaendesha kampeni iliyowafikia wanywaji wenyewe. Mwaka 2007 pande mbili zilifikia makubaliano: Starbucks iliitambua haki ya Ethiopia na ikapewa leseni ya kuyatumia majina hayo bila kulipia. Ethiopia haikudai ada ya leseni kwa sababu ilikuwa na shabaha nyingine, kwamba mnywaji ayajue majina hayo na awe tayari kulipia zaidi kahawa inayoyabeba.

Vyama vya ushirika vya Mbozi havihitaji kungoja serikali ifanye kama Ethiopia. Chama kinachofungasha hata sehemu ndogo ya kahawa yake kinaweza kubuni jina lisilo la mahali tu, kikaliomba BRELA katika daraja la 30, na ndani ya miezi sita kikaliomba nchi moja au mbili zinazonunua. Kwa Japani, kwa kuwa Tanzania haimo Madrid, ombi litapelekwa Tokyo kupitia wakala wa huko, na alama ikisajiliwa hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Kwa mkulima mmoja wa Nanyala gharama hiyo haibebeki. Kwa vyama kadhaa vikichangia, ni makato madogo ya msimu mmoja, ambayo mkutano mkuu wa wanachama unaweza kuyajadili pamoja na bei ya mbolea na ukarabati wa mashine ya kukoboa. Kinachotakiwa kuletwa mezani ni vitu vitatu: jina lililokwisha kupekuliwa, makisio ya ada kutoka kwa wakala wa nchi inayolengwa, na tarehe ambayo miezi sita itaanza kuhesabiwa.